Miti Iliyolazwa Barafuni

Fundi mwashi alichomeka kijiti cha kwanza katikati ya vyungu vya asumini, akafunga uzi, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kisimani. Zuleikha alikuwa amechutama akinyunyizia miche ya bogenvilia. Hakuinuka. Alisubiri mpaka kisigino cha fundi kilipokaribia kuikanyaga miche, ndipo aliposema kwa sauti ya kawaida, "Baba, tazama uendako. Hivyo ni vitu vya kuuza."

Fundi alisimama, akamtazama aliyemleta. Aliyemleta ni Muhdhar, kaka yake Zuleikha, mwenye duka la vitambaa mjini Malindi. Alikuwa kwenye mlango wa uani, kanzu ameipandisha kidogo isiguse tope la kumwagilia.

"Usiudhike, dada," alisema. "Twapima tu. Kupima si kujenga."

"Wapima nini?"

"Vyumba sita. Vitatu huku, vitatu kule, choo katikati. Mji umejaa wageni kutoka bara wenye kazi zao, kila siku waja dukani kuniuliza chumba. Na sisi tuna kiwanja kizima kimelala."

Kiwanja hicho waliachiwa na baba yao, na hakikuwa kimegawanywa. Kwa mirathi, Muhdhar alikuwa na mafungu mawili na Zuleikha fungu moja. Lakini Zuleikha na mumewe, Mahadhi, ndio waliokaa katika nyumba ndogo ya mbele, na tangu Mahadhi arudi kutoka melini na ukungu machoni, uani kote kuligeuka bustani. Zuleikha alipanda kwenye vyungu na makopo, akawauzia wenye majumba ya ufuoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya nyumba ile, hapakuwa na nyingine.

"Na fungu langu?" aliuliza.

"Fungu lako ni vyumba viwili. Utapokea kodi kila mwezi, wala hutachutama juani tena. Mimi nakutakia raha."

"Kodi ya vyumba viwili yatosha mchele na dawa ya macho?"

"Na hivi vyungu vyatosha?" Muhdhar alinyoosha kidole kwenye kibaraza cha nyuma, palipokuwa na vijiti vitatu vifikavyo magotini, kila kimoja katika chungu chake. "Vile vya Mahadhi, kwa mfano. Miaka mitano hapa. Tunda havina, kivuli havina, na majani yenyewe yameungua."

Ni kweli yalikuwa yameungua. Mahadhi alivileta kutoka bandari ya Kobe vikiwa miche mitatu ndani ya makopo ya maziwa, wakati bado alikuwa mhudumu wa meli. Aliviita momiji, kama Wajapani wenyewe. Mwaka wa kwanza vilitoa majani mekundu yenye vidole vitano, madogo kama kiganja cha mtoto mchanga, na majirani walikuja kuyatazama. Kila mwaka uliofuata majani yalipungua. Sasa, katikati ya mwaka themanini na sita, kila kijiti kilikuwa na majani machache yaliyokunjamana, ncha zake kahawia.

Muhdhar akalegeza sauti. "Fundi ana kazi Watamu mpaka mwezi wa kumi. Akimaliza, aanza hapa. Kama mpaka wakati huo utanionyesha kuwa bustani hii ina kazi ya kueleweka, tutagawana kiwanja, kila mtu na lake. Ikiwa haina, usinifanye kaka mbaya."

"Nimesikia," alisema Zuleikha, akaendelea kunyunyiza.

Siku ya nne yake, gari jeupe lilisimama nje. Akashuka mwanamke wa makamo aliyevaa sketi ya bluu na viatu vya kufunga, akapiga hodi kwa adabu. Alisema anaitwa Jedida Wanjira, na kwamba yeye ndiye atakayesimamia usafi na mapambo katika hoteli mpya inayomaliziwa kujengwa ufuoni. Walitaka vyungu themanini vya kupanga kwenye baraza na vyumbani.

Zuleikha alimzungusha bustani nzima. Jedida alisifu krotoni, akasifu asumini, lakini alipofika kwenye kibaraza cha nyuma akasimama.

"Mama, hii nimeiona kwa kalenda," alisema. "Ya Japani. Hii ilikujaje hapa?"

"Imeletwa na mume wangu."

"Meneja anataka kitu kama hii pale mlangoni. Bogenvilia anasema iko kila mahali, wageni wanaichoka. Unaweza kubeba moja umwonyeshe? Ako kwa gari."

Zuleikha alijitanda buibui, akakikumbatia chungu, akatoka nacho barabarani. Kilikuwa kizito, na maji ya kumwagilia yalimchuruzikia kifuani. Ndani ya gari mlikuwa na bwana mnene mwenye miwani myeusi. Zuleikha alimwamkia. Bwana yule aliteremsha kioo nusu, akautazama mti, akanyoosha vidole viwili, akavunja jani moja na kulisaga. Likawa unga.

"Hiki kimekufa," alimwambia Jedida, wala si Zuleikha. Akapandisha kioo.

Jedida alibaki pale kando ya gari, aibu imemjaa. "Pole, mama. Yeye huwa na haraka." Kisha akaongea kwa sauti ya chini. "Tunafungua mwisho wa mwezi wa kumi. Hii miti ikiwa na majani mazuri, nitamleta tena, na nitampigania akupatie kazi ya vyungu vyote, hata ya kuvitunza. Ikikosa, kuna kampuni Nairobi italeta maua kwa lori. Ile bei yao ni ya chini."

"Itakuwa na majani," alisema Zuleikha.

Alisema hivyo bila kujua itakuwa nayo vipi. Gari lilipoondoka, bado alikuwa amekikumbatia chungu.

Mahadhi alikuwa amekaa kwenye mkeka, akisikiliza. Macho yake yaliona mwanga na vivuli tu, lakini vidole vyake vilikuwa vizima. Zuleikha alipokiweka chungu mbele yake, alipapasa tawi kutoka shinani hadi nchani, akirudi kila palipokuwa na kifundo.

"Hakijafa," alisema. "Kimechoka. Hiki hakijalala miaka mitano."

"Mti walala?"

"Huu walala. Kobe, ikifika kipupwe cha baridi, wapukutisha majani yote, wabaki mkavu kama huu. Miezi miwili, mitatu. Theluji yaweza kuuangukia. Baridi ikiisha, waamka na nguvu mpya. Mzee aliyeniuzia alinionya. Akaniambia, kwenu ni joto, utauchosha. Mimi nikacheka, nikadhani kivuli na maji ya mvua yatatosha."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, mke wangu? Nikuambie Malindi haina baridi?"

Zuleikha alikaa kitako karibu naye. Nje, muuza samaki alikuwa akipita na baiskeli, akinadi tafi na changu. Zuleikha alimsikiliza mpaka sauti ikapotea mtaa wa pili.

"Samaki wanaokwenda Mombasa," alisema polepole, "hulazwa wapi kabla ya lori kuja?"

Mahadhi alianza kucheka, kisha akaacha. Akamgeuzia uso. "Ghala la barafu lina vyumba viwili," alisema. "Kimoja chagandisha. Hicho kitaiua. Kile cha mbele, cha kuwekea barafu na kreti, ni baridi tu. Baridi ya Kobe hasa."

Ghala la wavuvi lilikuwa karibu na forodha. Msimamizi wake aliitwa Mwambire, mtu mrefu mwenye sweta lililotoboka viwiko, ambalo hakulivua hata juani. Zuleikha alimkuta mlangoni, na wavuvi wanne wamekaa kwenye benchi wakisubiri mizani. Aliwasalimu, akaeleza shida yake mbele yao wote, kwa kuwa hapakuwa na faragha.

"Miti?" aliuliza Mwambire.

"Mitatu. Midogo. Wiki kumi."

Mvuvi mmoja akasema, "Tutaambiwa tulaze na mbuzi." Mwingine akasema huyu mama amekosea njia, hospitali iko juu. Walicheka kwa muda mrefu. Zuleikha aliwangoja wamalize, kisha akamtazama tena Mwambire kana kwamba hawakusema kitu.

"Mama, hapa ni mahali pa chakula," alisema Mwambire. "Udongo hauingii. Nitafukuzwa."

"Nitaifunga na magunia, udongo hautadondoka."

"Hapana, mama."

Siku iliyofuata alirudi. Mwambire alimwambia hapana. Alirudi tena siku ya tatu na chungu kimoja, amekifunga kwa gunia safi lililoshonwa mdomo, kamba imekazwa. Alikipindua chini juu mbele yake. Hakikudondosha hata chembe. Mwambire alikitazama, akajikuna kiwiko, akarudi ndani. Siku ya nne alimkuta Mwambire peke yake, anasugua sakafu kwa ufagio wa chelewa, jasho linamtiririka ndani ya sweta.

"Aliyekuwa akisafisha hapa ni shemeji yangu Mbeyu," alisema bila kuulizwa. "Amekwenda Ganze kujifungua. Hatarudi karibuni, na hakuna anayeitaka kazi hii. Kreti sitini kila asubuhi, na sakafu, na matumbo ya samaki. Sasa, mama, kama wewe…" Alisita, akautazama ushungi wake na hina ya mikononi. "Siwezi kumwambia mtu kama wewe."

"Nianze lini?"

"Mama, hujanisikia. Ni matumbo."

"Nimesikia. Rafu ya juu ni yangu kwa wiki kumi, na usafi ni wangu kwa wiki kumi. Nianze lini?"

Asubuhi yake yeye na Mahadhi waliyachuma majani yaliyobaki, moja moja. Wakaizungushia mizizi makumbi ya nazi yaliyoloweshwa maji ya mvua, kwa maana maji ya kisima chao yalikuwa na chumvi. Miti ilipopandishwa mkokotenini ilikuwa vijiti vitatu vitupu vinavyochomoza kwenye magunia, na jirani mmoja aliuliza kama ni kuni.

Kila baada ya sala ya alfajiri, kukipambazuka, Zuleikha alikwenda ghalani. Alitundika buibui kwenye msumari, akajifunga kanga kiunoni, akasugua. Magamba yalimganda mikononi na kwenye nyusi. Maji ya barafu yalimpasua vidole. Wiki ya kwanza wavuvi walimtazama kama kichekesho. Wiki ya pili walimzoea. Wiki ya tatu yule aliyemwelekeza hospitalini alianza kumwachia fungu la samaki kwenye jani. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, alipanda juu ya kreti, akapapasa magunia kuona kama yana unyevu, akaishika miti shingoni kama mtu anayepima homa.

Nyumbani alijisugua kwa liwa na ndimu, lakini harufu haikwisha. Mwezi wa nane kulikuwa na harusi mtaani. Zuleikha alivaa vizuri, akajifukiza udi, akaketi mkekani na wanawake wenzake. Mmoja wao, aliyecheza naye tangu utotoni, alivuta pumzi mara mbili, akasogea kando. Kisha na wa upande wa pili akasogea. Pakabaki nafasi ya mtu mmoja kila upande. Zuleikha alikula pilau yake yote, akanawa, akambusu bibi harusi mkono, akaaga. Njiani machozi yalimtoka, akayafuta na ncha ya buibui, akapita sokoni kununua mafuta ya taa kama alivyokusudia.

Habari zilimfikia Muhdhar. Alikuja mwenyewe ghalani, akasimama nje kwa sababu hakutaka kuingiza viatu vyake.

"Zuleikha," alisema. Hakumwita dada. "Toka humo."

Alitoka, ndoo mkononi.

"Watu wananiuliza dukani. Binti ya baba yangu afagia matumbo ya samaki. Nimekunyima chakula mimi? Umenijia ukaomba nikakufukuza?"

"Hukuninyima, kaka."

"Basi ni kwa nini?"

"Kwa sababu ulinipa mpaka mwezi wa kumi."

"Nilikupa muda wa kufikiri, si wa kunidhalilisha. Yote haya kwa vijiti vitatu?"

"Si vijiti. Ni vyungu themanini, na kuvitunza kila wiki. Ni kazi, kaka. Hoteli haitaniamini kwa maneno. Itaniamini ikiona nimeamsha kitu walichokiona kimekufa." Aliiweka ndoo chini. "Kama waona aibu, wajibu wakuulizao kwamba dadako ameajiriwa. Si uongo."

Mwambire alikuwa amejitokeza mlangoni, akamwamkia Muhdhar kwa heshima, akasema ghala halijawahi kuwa safi namna ile tangu lijengwe. Muhdhar aliondoka akitembea upesi, kanzu ameishika kwa mikono miwili.

Katika wiki ya saba nguru waliingia kwa wingi. Asubuhi hiyo Zuleikha alimkuta Mwambire anamngoja nje, sweta amelishika mkononi.

"Mama, nimekukosea," alisema. "Jana kreti zilijaa mpaka rafu ya juu. Nikamwambia mtu aisogeze miti yako. Miwili aliiweka kando. Mmoja ameutia chumba cha kugandisha. Nimeuona leo."

Gunia lilikuwa gumu kama jiwe. Zuleikha alilibeba mpaka kwenye jua, akalifungua. Barafu ilipoyeyuka, gome la mti lilichanika kwa urefu, na ndani yake palikuwa peusi. Mwambire alisema atalipa, akasema hajui mti kama huo ni bei gani.

"Hauna bei," alisema Zuleikha. Kisha, kwa kuwa alimwona mtu yule ameumia, akaongeza, "Imebaki miwili. Hiyo iandikie USIGUSE kwa herufi kubwa, kila mtu asome." Akaingia kuziosha kreti, na siku hiyo ziliongezeka ishirini.

Miti ilitoka katikati ya mwezi wa tisa. Mahadhi alitaka iwekwe upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi pekee, na imwagiliwe maji ya pipa la mvua, kikombe kimoja kimoja. Wiki ya kwanza hapakutokea kitu. Wiki ya pili vilevile. Muhdhar alipita Ijumaa kumjulia hali shemeji yake, akavitazama vile vijiti, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kila asubuhi Mahadhi aliongozwa mpaka kwenye vyungu, akapapasa vifundo kwa ncha za vidole. Siku ya kumi na saba alikawia kwenye tawi moja. Akaliinamia, akaligusa kwa mdomo wake wa chini.

"Njoo," alisema. "Ni laini. Palikuwa pagumu hapa, sasa ni laini."

Zuleikha aliinama. Kwenye kila kifundo kulikuwa na tumba dogo, wekundu wake kama ncha ya kiberiti. Siku tatu baadaye yalifunguka. Wiki ile ilipokwisha, miti yote miwili ilikuwa imevaa majani toka chini hadi juu, mekundu, mazima, hakuna ncha hata moja iliyoungua, na majirani walikuja tena kutazama. Yule aliyejitenga naye harusini alikuja pia. Zuleikha alimpa kiti.

Jedida alipofika na kuiona, alisimama mkono mdomoni, kisha akatoka mbio kumwita meneja. Safari hii bwana yule alishuka garini, akainama kupita mlango wa uani, akavua miwani.

"Naichukua yote miwili," alisema. "Sema bei."

"Siuzi," alisema Zuleikha.

"Kila kitu kinauzwa."

"Hii nakodisha. Itakaa mlangoni kwako wiki mbili, kivulini, kisha yarudi hapa na vyungu vingine vyaja mahali pake. Mwaka ujao nitailaza tena. Ukiinunua utaiua kabla ya Krismasi, nawe utasema Zuleikha ameniuzia kuni."

Meneja alimtazama Jedida. Jedida alitazama pembeni, lakini alikuwa anatabasamu. "Bwana, huyu mama anajua kazi," alisema. "Ile kampuni haiwezi kukuletea hii."

Walikubaliana wakiwa wamesimama, palepale uani. Zuleikha alikataa kupeana neno tupu. Alitaka karatasi, na alitaka mhuri. Karatasi ililetwa na Jedida kesho yake: vyungu themanini, matunzo kila wiki, mwaka mzima.

Fundi alimaliza kazi Watamu siku za mwisho za Oktoba. Alikuja na Muhdhar, na vibarua wawili, na mifuko ya saruji kwenye mkokoteni. Zuleikha alimpa kaka yake ile karatasi kabla hajaketi. Muhdhar aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna mengine, akaisoma tena. Miti miwili ilikuwa hotelini, hivyo hakuwa na cha kutazama ila vyungu vya kawaida, safu kwa safu, vilivyokuwa tayari kubebwa.

"Mwaka mmoja," alisema.

"Mwaka mmoja. Baada yake nitatafuta mwingine."

Alimrudishia karatasi. Alikaa akichezea tasbihi. "Nilisema tutagawana, basi tugawane," alisema mwishowe. "Lakini mafungu yangu mawili nayataka, dada. Nina watoto."

"Ni haki yako. Chukua upande wa magharibi, jenga vyumba vyako vinne. Upande wa kisima ni wangu."

Haikuwa rahisi kuliona lile. Siku nzima Zuleikha na Mahadhi walihamisha vyungu, na vilipobanwa upande mmoja, bustani ilionekana imekuwa ndogo mno. Mlangilangi alioupanda mama yake ulikuwa upande wa Muhdhar. Ulikatwa mchana, na harufu yake ikajaa uani mpaka jioni.

Fundi alipoanza kupanga mawe ya msingi, Zuleikha alimwendea. "Ukuta wa nyuma utafika kimo gani?"

"Futi nane, mama. Wa kawaida."

"Nitilie kozi mbili zaidi, safu mbili za mawe juu yake."

Muhdhar aliyekuwa karibu akageuka. "Za nini?"

"Jua la alasiri launguza majani. Kivuli cha ukuta wako kitaniangukia saa tisa. Kikiwa kirefu kidogo, naweza kuweka miche mia pale. Kozi hizo nitazilipa mimi."

Muhdhar alimtazama dadake: kanga imefungwa kiunoni, vidole bado vina makovu ya barafu. Alitazama nafasi nyembamba iliyobaki kati ya kisima na nyumba. Kisha akamgeukia fundi.

"Mtilie tatu," alisema, "na uandike kwenye hesabu yangu."